Fundi Kasema Kesho

Kabla hujaniangalia kwa jicho hilo, hebu nikuulize. Fundi wako wa mwisho alikwambia nini? Awe wa cherehani, awe wa viatu, awe wa redio. Alikwambia njoo kesho, si ndiyo? Ukaenda kesho yake ukakuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokiacha, na yeye anakuchekea, anakwambia umeme ulikatika. Basi fundi huyo ndiye mimi. Na haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, si binamu yangu wala jirani wa shemeji yangu, na yalinipata mchana, nikiwa na akili zangu zote. Sikuwa nimeonja pombe ya ulanzi, maana najua hilo ndilo la kwanza utakalouliza. Wote huuliza hilo.

Mimi naandika mabango hapa Makambako. Saluni, bucha, maduka ya mbolea, mbao za nyuma za malori yanayopita njia panda. Ukiona herufi nene zenye kivuli chekundu, huo ni mkono wangu. Kazi naijua, hata adui yangu atakubali. Ulimi ndio ulikuwa na kasoro. Mteja akifika tu, hata sijamsikiliza vizuri, ulimi umeshatangulia: njoo kesho. Vijana wanaita kumpiga mtu kalenda. Nimepiga watu kalenda miaka ishirini, na wala sikuona kuwa ni uongo. Niliona ni namna tu ya kuagana.

Zulfa alinijia mwezi wa tano na ubao kwapani. Ni mtoto wa Mama Zulfa, yule anayeuza viatu vya mtumba upande wa pili wa soko. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mtu wa Tanga aliyehamia huku, naye alishafariki kwa maradhi. Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba, hijabu kichwani na raba miguuni. Alikuwa amekaa Dar kwa mjomba wake, akajifunza huko mchezo wa skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao mtu husimama juu yake akateleza nao. Makambako nzima ilimjua kwa hilo. Kwenye sakafu ya saruji ya ghala moja la mahindi alikuwa anazunguka, rrrrr, rrrrr, wazee wanatikisa vichwa, mama yake anajifanya hajamwona.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hiki nini, kibao cha chapati?"

Akacheka. Akanieleza kuwa ubao wake wa zamani umepata ufa katikati, kwa hiyo kamwendea seremala, naye kamgandishia tabaka saba za mbao nyembamba kwa gundi, kamkatia huu mpya. Kweli ulikuwa mzuri. Ncha zote mbili zimeinuka, matundu manane ya skrubu yamepangwa manne mbele, manne nyuma. Alitaka niuchore.

"Juu usiguse, fundi. Juu nitabandika msasa ili mguu usiteleze. Nataka uchore chini."

"Chini? Picha ya chini ataiona nani?"

"Nikiruka itaonekana."

"Na ukianguka," nikamwambia.

"Nikianguka pia," akasema, wala hakukasirika.

Akatoa simu akanionyesha picha ya zamani, nyuma ya lori la baba yake. Kwenye ule ubao wa nyuma kulikuwa na swala anaruka, miguu ya mbele imekunjwa, shingo imenyooka. Lo! Swala yule nilimchora mimi, enzi hizo nywele zangu bado nyeusi. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Zulfa alimtaka huyohuyo, na chini yake neno moja: NIMEFIKA. Baba yake, akifika popote na lori lake, iwe Tunduma, iwe Songea, alikuwa anamtumia mkewe neno hilo moja kwenye simu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nimefika, basi. "Mama bado anazo meseji zote," Zulfa akaniambia. "Hataki nizifute hata simu ikijaa."

Jambo hilo liliniingia moyoni, sikudanganyi. Nikachukua penseli palepale, nikapiga miraba, tukapanga pamoja. Yeye ndiye aliyesema miguu ya mbele ya swala ipite katikati ya matundu manne ya mbele, ili skrubu zisije zikamtoboa macho. Neno tukaliweka mkiani mwa ubao. Tulifanya kazi kama saa nzima, na ilikuwa saa nzuri. Kisha akaniuliza, "Lini, fundi?"

Nawe unajua nilijibu nini.

Akaja kesho yake. Akaja na kesho kutwa. Wateja wengine wakichoka hunitukana, nami nawatukana, tunamalizana hapohapo. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa anatazama ubao wake pale ukutani, anasema, "Haya fundi, kesho," anaondoka. Wiki sita! Katika wiki sita nilikuwa nimepiga msasa, nimepaka rangi nyeupe ya msingi na kumkolezea swala mistari ya penseli. Kazi iliyobaki ilikuwa ya siku mbili, labda siku moja kwa mtu mwenye haya.

Mwezi wa saba nikapata kazi Njombe, kwenye misheni moja nje ya mji. Kuandika majina ya vyumba, kupaka ukumbi na varanda, wiki tatu, kulala hukohuko. Jumatatu asubuhi Zulfa akanikuta nafunga mizigo.

"Fundi, unaondoka na ubao wangu haujaisha?"

Nikauchukua nikautia kwenye mfuko mbele ya macho yake. "Naondoka nao. Nakwenda kuumalizia huko. Kesho uko tayari."

Mtu gani mwenye akili anasema hivyo? Kesho mimi nitakuwa Njombe, yeye Makambako. Ulimi tu, ndugu yangu.

"Ule wa zamani unalia sasa," akasema. "Nikiukanyaga unalia, kriii."

"Vumilia."

"Haya fundi. Kesho."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho, akiwa mzima.

Kama hujawahi kukaa Njombe mwezi wa saba, huijui baridi. Ukungu unashuka tangu alfajiri, unakaa mpaka saa sita, saa saba, na siku nyingine hauondoki kabisa. Unaingia varandani, unaingia hadi kwenye kikombe cha chai. Rangi ya mafuta haikauki. Mlango ninaoupaka Makambako asubuhi, jioni nimeshaufunga, kule nauacha siku tatu na bado unanata. Na Jumanne, siku ya pili tu, simu yangu ikaniponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Anjela, mama wa jikoni pale misheni, akaitumbukiza kwenye mchele. Wala haikuwaka. Kwa hiyo sikuwa na habari ya mtu wala ya dunia.

Alhamisi, kama saa tatu asubuhi, naandika neno UKUMBI juu ya mlango, nasikia nyuma yangu rrrrr. Sauti naijua. Nikageuka. Ukungu ulikuwa umelala varandani, umefika kiunoni, na ndani yake anakuja Zulfa. Amesimama wima, mikono pembeni, anakuja tu. Hapigi hatua. Nikasema moyoni, huyu mtoto kaja na ubao wake wa zamani, umefichwa na ukungu. Wewe ungewaza nini?

Akasimama mbali kidogo, kama urefu wa chumba.

"Ubao wangu, fundi."

"Zulfa! Umepanda gari mpaka huku kunifuata kwa ajili ya ubao? Mama yako anajua?"

"Ulisema kesho."

"Na shikamoo siku hizi hakuna?"

Mtoto yule hakuwahi kunipita bila shikamoo hata siku moja, na hilo lingetosha kunishtua. Lakini niliona aibu, na mimi nikiona aibu hukasirika, ndivyo nilivyo. Nikamwambia hapa ni kwenye kazi za watu, ubao uko chumbani, haujaisha. Nikamwambia njoo kesho.

"Haya fundi. Kesho."

Akaondoka vilevile alivyokuja. Rrrrr, sauti ikafifia. Nikawaza ana shangazi hapo mjini, atakuwa kafikia huko. Nikaendelea na herufi zangu.

Ijumaa akaja. Nikamwambia kesho. Jumamosi kulikuwa na manyunyu, akaja, na sasa niliona kitu ambacho sikukipenda. Hijabu yake ilikuwa kavu. Mimi niliyekaa chini ya paa mabega yalikuwa yamelowa, na yeye aliyetoka uani alikuwa mkavu kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Niliona, nakwambia, na bado ulimi ukasema kesho. Jumapili watu wako kwenye misa, wanaimba, akaja. Tulikuwa tunaongea, nimemnyooshea brashi, namwambia asinisumbue na siku ya Bwana, mara Anjela akatokea na chai.

"Kamwene fundi," akanisalimu kwa Kibena. "Unagombana na nani?"

"Na binti huyu wa Makambako, si unamwona?"

Anjela akatazama kule, akanitazama na mimi. Ni mama mtu mzima, si wa mzaha. "Fundi, hapa tuko wawili."

Nikageuka. Ukungu mtupu. Nikamwambia ameshaondoka, ni mwepesi, anatembelea ubao wa magurudumu. Ile sauti bado ilikuwa inasikika kwa mbali, upande wa uani, rrrrr, laini, haikwami.

"Anateleza wapi?" Anjela akauliza. "Huko uani si kokoto tupu?"

Mh. Nikatazama kokoto zile. Hata toroli la bustani lilikuwa linakwama pale. Anjela akaiweka chai chini taratibu akaondoka, na sikuinywa.

Jumatatu nikaazima simu yake, nikampigia mke wangu. Hata salamu hatukumaliza.

"Umesikia msiba wa Mama Zulfa?" akaniuliza.

Nikakaa kwenye ndoo. Akanieleza. Jumatano asubuhi Zulfa alikuwa anateremka ile barabara ya nyuma ya ghala, na ule ubao wake wa zamani ukakatika katikati. Akaangukia ukingo wa mtaro, kichwa. Hawakuwahi hata kumfikisha hospitali. Wakamzika siku hiyohiyo alasiri. Jumatano, ndugu yangu. Mimi nimeanza kumwona Alhamisi.

"Si ndiye yule uliyekuwa unamchorea?" mke wangu akauliza.

"Ndiye."

"Ulimmalizia?"

Nikamrudishia Anjela simu yake.

Sasa utasema, kwa nini hukukimbia? Niliwaza kukimbia, kwa nini nikufiche. Niliogopa. Lakini nitakimbilia wapi? Mtu uliyemwambia njoo kesho, kesho atakukuta popote. Na lililonitesa zaidi ya hofu lilikuwa jambo jingine. Mtoto huyu ameitwa na Mungu wake, ana safari yake ya kwenda, na hafiki. Hafiki kwa sababu kila siku anarudi nilikomwambia arudi. Kumpiga kalenda mtu hai ni utovu wa haya. Mimi nilikuwa nampiga kalenda marehemu. Nililia pale juu ya ndoo, mtu mzima na ndevu zangu, na Anjela hakuniambia nyamaza.

Jumanne, kulipopambazuka tu, nikautoa ubao. Nikaacha kazi ya misheni yote, nikaweka ubao juu ya benchi varandani. Anjela akaniletea jiko la mkaa liwe karibu ili rangi ivute, naye akakaa pembeni na rozari yake. Nikampaka swala kahawia nyekundu mgongoni, nyeupe tumboni, nikamweka jicho jeusi na tone dogo la mwanga. Sijawahi kuchora hivyo, wala sitachora tena. Miguu ya mbele nikaipitisha katikati ya matundu manne kama alivyotaka mwenyewe. Kufikia saa tano nilikuwa kwenye herufi. N. I. M. E. Mkono umetulia kabisa.

Nilipofika kwenye K, tukasikia rrrrr.

Safari hii Anjela naye alisikia. Niulizie kwake, yuko hai, atakwambia. Rozari ikasimama, akanishika shati mgongoni. Nikaiandika A bila kugeuka. Mguu mmoja wa hiyo A umepinda, mpaka leo umepinda.

Kisha nikageuka. Alikuwa pale, karibu kuliko siku zote. "Ubao wangu, fundi."

Sikia sasa. Rangi ilikuwa mbichi kabisa. Kwa baridi ile, hata na jiko, ilihitaji siku mbili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi nilikuwa na sababu ya kweli, ya halali, ya kusema njoo kesho! Neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza.

"Huu hapa, mwanangu. Ni mbichi. Shika pembeni."

Akanyoosha mikono. Niliona vidole vyake vizuri, na kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda kwa nje. Sikusikia akiupokea. Niliona tu mikono yangu haina kitu. Akaugeuza, akamtazama swala, akasoma lile neno, midomo yake ikicheza kama mtoto anayejifunza kusoma. Akatabasamu. Wallahi, mimi Mkristo naapa kiapo cha kwao, alitabasamu.

"Asante fundi."

Nikasikia mwili wote umekuwa mwepesi. Akageuka kuondoka, nami nilikuwa na furaha, nilikuwa nimetua mzigo, na mtu mwenye furaha hachungi ulimi. Nikamuaga kwa maneno niliyowaagia watu miaka ishirini.

"Haya mwanangu. Kesho basi."

Anjela akaguna kama mtu aliyechomwa.

Zulfa akasimama. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alinitazama kwa uchovu, uchovu wa mtoto aliyetumwa dukani mara ya tano, na duka limefungwa.

"Kesho tena, fundi?"

Nikapiga kelele. Hapana! Leo! Ni leo, umeisha, ni wako, nenda! Nikakimbia mpaka kwenye kokoto. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuiona hata miguu yangu mwenyewe.

Jumatano nilipofungua mlango wa chumba changu, ubao ulikuwa umeegemezwa kizingitini. Ameurudisha. Fundi kasema kesho, na yeye ni mtoto mwenye adabu. Kwenye kingo za ubao, juu ya rangi, kulikuwa na alama za vidole, upande huu na upande huu.

Sikumalizia kazi ya misheni, na jina langu pale nadhani halitamkwi. Nilirudi Makambako siku hiyohiyo, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Zulfa hata kwangu sijafika. Watu wa msiba walikuwa wameshatawanyika. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, peke yake, viatu vya mtumba vimerundikwa pembeni ndani ya magunia. Nikamwekea ubao mbele yake, nikamweleza yote, kama ninavyokueleza wewe.

Hakuniita mwongo. Akaupakata ubao, akaweka vidole vyake juu ya zile alama, kimoja kimoja. Vilienea vyote isipokuwa kidole kidogo cha kushoto. Alama yake ilikwenda nje, peke yake.

"Alivunjika kidole akiwa darasa la pili," akasema. "Alianguka kwenye ngazi za madrasa. Hakikunyooka tena."

Akalia. Alilia muda mrefu, ubao mapajani, nami sikujua niangalie wapi. Aliponyamaza akafuta uso kwa kanga, akaniuliza swali moja tu.

"Mara ya mwisho ulimwambia nini?"

Ningeweza kudanganya. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka na mimi. "Nilimwambia kesho, mama."

Akatikisa kichwa pole pole. "Kila jioni nilikuwa namuuliza, mwanangu, ubao umefikia wapi? Ananiambia, fundi kasema kesho, mama. Wiki sita. Mimi nikikusema vibaya ananikatalia. Fundi ana kazi nyingi, mama, lakini kesho atanipa. Alikuamini mwanangu."

Nikapiga magoti pale kwenye mkeka. Nikamwomba msamaha, kwa Kiswahili, na kilipokwisha nikaendelea kwa Kibena ambacho yeye hakijui. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia kwa upole, kwa sauti ya mtu anayekukaribisha ndani:

"Nimekusikia, fundi. Njoo kesho."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaenda kesho yake. Akanipa chai, akanisikiliza, akaniambia njoo kesho. Nikaenda kesho kutwa. Ndugu yangu, sasa ni mwaka wa pili. Kila siku nikishafunga kibanda, naenda. Akiwa mgonjwa naenda, nikiwa mgonjwa naenda. Hanifokei, hanifukuzi. Siku za Idi hunifungia pilau nimpelekee mke wangu. Lakini neno ni lilelile, na kila nikilisikia naelewa vizuri zaidi kidogo yule mtoto alikuwa anarudi nyumbani na nini jioni.

Ubao ameutundika ukutani, juu ya kitanda cha Zulfa, swala anatazama mlango. Rangi ya swala ilikauka zamani, na herufi zilikauka. Zile alama za vidole hazijakauka. Gusa, zinanata. Mimi ni fundi wa rangi, najua rangi ya mafuta, na hakuna rangi inayokaa mbichi miaka miwili. Seremala aliyeukata ule ubao alikuja akagusa, akaenda kunawa mikono kwa mafuta ya taa, na tangu siku hiyo hapiti mtaa ule.

Na asubuhi za ukungu, maana hata hapa Makambako ukungu unafika, nasikia rrrrr kwenye sakafu ya ghala, mahali ambapo siku hizi hachezi mtu. Inakuja, inakoma mbele ya kibanda changu. Natoka nje nasema kwa sauti, "Ni leo, Zulfa! Leo!" Majirani walishazoea. Wageni ndio hushtuka, wanaulizana kama nina kichaa.

Mteja akinijia sasa, ama namkatalia, ama namwambia kaa hapa kwenye kigoda nikumalizie ukiona. Wengi wamenikimbia, wanasema nimeota mapembe. Sawa tu. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, sikwambii uogope mizimu. Nakwambia, mtu akikuuliza lini na hujui, sema sijui. Ukiona hutaki, sema sitaki, akutukane, aende zake. Usimpe mtu kesho ambayo huna, maana wapo watakaoishika, nao watarudi.

Haya, niache nifunge kibanda, jua linazama. Mama Zulfa jana kaniambia nije kesho.